Kipa wa Dakika ya Kumi

"Mzee Abdul, kipa wako kaamka?"

Abdulmalik hakuinua kichwa. Alikuwa amechuchumaa kwenye kibanda chake cha viatu, soko la Mchikichini. Alikuwa anakunja taratibu soli ya buti gumu lililotoka kwenye belo la mitumba asubuhi hiyo.

"Kaamka tangu alfajiri," alijibu. "Kama hununui kiatu, usinizibie njia."

Watu pale sokoni wakacheka. Yeye hakucheka, maana utani ule ulimchoma. Binti yake Tatu, mwenye miaka kumi na mitano, alikuwa kipa wa Mwanga, timu ya wasichana ya mtaa wao. Katika mechi tatu mfululizo alifungwa goli kabla ya dakika ya kumi. Baadaye alidaka kila kitu, hata nzi hapiti. Lakini goli la mapema lilikuwa limeshaingia. Mtaa mzima ukambatiza jina: Kipa wa Dakika ya Kumi.

Sasa mambo yalikuwa yamefika pabaya. Timu iliingia fainali, na fainali ilikuwa Jumapili. Kocha Vitalis alimwambia Tatu mbele ya wenzake: "Utaanza. Ila ukifungwa tena mapema, nakutoa hapo hapo. Anaingia Leticia."

Kutolewa kwenye fainali, mbele ya mtaa mzima! Tatu alirudi nyumbani akajifungia jikoni, akalia mpaka ugali ukaungua.

Familia hiyo iliishi ghorofa ya tatu, mtaani Mchafukoge. Harufu ya ugali ulioungua ilimleta jirani wa mlango wa pili, Mektilda. Mama huyu alitoka Songea. Alifanya kazi hospitali, kitengo cha kuwafundisha wagonjwa mazoezi ya viungo. Zamani, alipokuwa chuoni, naye alikuwa kipa.

"Hodi! Mnachoma nyumba?"

"Karibu, dada," alisema Najma, mama yake Tatu. "Nyumba ni nzima. Mtoto ndiye anaungua moyo."

"Shikamoo, anti," alisema Tatu, akifuta macho.

"Marahaba. Hebu nieleze."

Tatu alieleza yote. Mektilda alisikiliza, kisha akauliza swali moja tu.

"Siku ya mechi unapashaje misuli?"

Hapo Abdulmalik, aliyekuwa amesharudi kutoka sokoni, alisimama kwa furaha. Swali hilo lilikuwa lake! Aliingia chumbani akatoka na chupa ya mafuta ya karafuu.

"Hii kazi naifanya mwenyewe," alisema. "Wenzake wanakimbiakimbia, wanamaliza nguvu. Mimi mwanangu namketisha benchi. Namfunika khanga ya mama yake. Namchua miguu na mabega mpaka ngozi inawaka. Kipa lazima atunze nguvu."

"Halafu?"

"Halafu wenzake wote wanapiga mashuti golini kwa pamoja, ili azoee. Kipyenga kinalia, mechi inaanza."

Mektilda alinusa chupa. "Mafuta mazuri haya, Baba Tatu. Lakini yamewasha ngozi tu. Misuli iko chini ya ngozi, na bado imelala."

"Imelala vipi, na mtoto anasema anaungua?"

"Ngozi inaungua. Misuli inapata joto ikifanya kazi. Mtu akikimbia polepole, moyo unaongeza mwendo, damu inakwenda kwa wingi kwenye miguu na mikono. Misuli yenye joto inajikunja na kujinyoosha haraka. Tatu anadaka vizuri baada ya dakika ya kumi. Unajua kwa nini?"

Tatu aliruka kutoka kitini. "Kwa sababu zile dakika kumi ndizo ninazopasha!"

"Umeona? Unapasha misuli ndani ya mechi. Wapinzani wanakufunga wewe ukiwa bado unaamka. Tena ungeweza kuumia. Kipa anaruka na kuanguka kwa ghafla kuliko wachezaji wengine wote."

Abdulmalik alitaka kubisha. Alifungua mdomo, kisha akakumbuka lile buti gumu la asubuhi. Kiatu kikitoka kwenye belo kimekakamaa. Ukikikunja kwa nguvu mara moja, soli inapasuka. Hukipaki mafuta ukakiuza. Unakikunja kidogo kidogo mpaka kilainike.

"Mama yangu wee," alisema. "Viatu navitendea haki kuliko mwanangu."

Najma alicheka mpaka akashika ukuta. Abdulmalik aliona aibu, lakini moyo wake ulikuwa umechangamka. Kumbe dawa ipo!

"Tunaanza lini?" aliuliza.

"Sasa hivi," alisema Mektilda.

Walipanda juu ya paa, mahali wapangaji wanapoanika nguo. Najma alitoa mashuka kwenye kamba. Mektilda alisimama katikati.

"Kwanza, dakika tano. Kimbia polepole. Nenda pembeni, rudi kinyumenyume, kama unavyotembea golini. Ukianza kutoka jasho kidogo, tunaendelea."

Tatu alikimbia. Jasho lilipoanza kutoka, Mektilda alimwonyesha kurusha mguu mbele na nyuma, kuzungusha nyonga, kuzungusha mabega, na kupiga hatua ndefu huku goti likishuka.

"Anti, mbona hatukai chini kujinyoosha? Sisi huwa tunashika vidole vya miguu, tunahesabu mpaka mia."

"Kujinyoosha kwa muda mrefu ukiwa umetulia, kuache mpaka mechi iishe. Kabla ya mechi, viungo vinyooke huku vinatembea. Sasa mpira! Baba Tatu, mrushie. Polepole. Kwanza kifuani, halafu chini, halafu juu."

Abdulmalik alirusha. Mpira wa kwanza ulikwenda kwenye tangi la maji.

"Kipa ni mwanao, si tangi," alisema Najma.

Walicheka wote. Mektilda alitandika godoro kuukuu. Tatu aliruka kwanza akiwa amepiga magoti, kisha akiwa amechuchumaa, mwisho akiwa amesimama. Mashuti makali yalikuja mwisho kabisa, machache, kutoka kwa mtu mmoja.

"Basi, inatosha," alisema Mektilda. "Dakika ishirini, ishirini na tano hivi. Uwe macho, usichoke. Kunywa maji. Na kiungo kikiuma, simama, useme. Lakini mnisikilize: hii si hirizi. Goli unaweza kufungwa. Ila hutafungwa kwa sababu umelala."

Kila jioni walipanda juu. Siku ya Alhamisi Kocha Vitalis naye alikuja kuona. Alikuna kichwa, akasema, "Haya. Jumapili hakuna mashuti ya kundi. Mimi mwenyewe nitampasha."

Jumapili uwanja wa shule ulijaa. Ngoma, vuvuzela, watoto juu ya ukuta. Tatu alipasha vizuri, hatua kwa hatua. Uso ulikuwa unang'aa jasho. Abdulmalik alijisikia kifua kimepanuka.

Kisha MC, msema chochote wa siku hiyo, akashika maiki. "Wachezaji wajipange mstari! Tunamsubiri mgeni rasmi."

Mgeni rasmi hakuwepo. Zikapita dakika tano. Zikapita kumi. Wachezaji walisimama wima mikono nyuma, kama desturi inavyotaka. Abdulmalik aliona jasho la mwanawe linakauka. Kazi ya wiki nzima ilikuwa inapoa mbele ya macho yake!

"Tatu!" alipiga kelele. "Usisimame! Rukaruka!"

Tatu alianza kurukaruka pale pale mstarini. Alizungusha mabega.

"Kipa atulie," maiki ikanguruma. "Tuwe na nidhamu."

Tatu alisimama. Alimtazama baba yake, macho yamejaa maji.

Abdulmalik hakufikiri. Alikunja kanzu yake, akaingia pembeni ya uwanja, akaanza kurukaruka mwenyewe. Akarusha mguu mbele, akarusha nyuma. Kandambili moja ikaruka, ikatua kwenye meza kuu. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Najma akamfuata. Mektilda akamfuata. Watoto wakashuka ukutani, nao wakaruka. Kocha Vitalis akacheka, akaanza kupiga makofi kwa kufuata miruko, na mstari mzima wa Mwanga ukaanza kuruka. Hata wapinzani wao, wasichana wa Kivukoni, walijiunga.

Hapo ndipo mgeni rasmi alipofika, mama mmoja mwenye kilemba cha kijani. Alitazama, akauliza, akaelezwa. Akachukua maiki.

"Hotuba yangu nitaitoa mwisho," alisema. "Watoto wasipoe. Mpira uanze!"

Kipyenga kililia. Dakika ya pili, straika wa Kivukoni aliwapita mabeki wawili, akaachia shuti la chini, kona ya kushoto. Lilikuwa shuti lile lile linalomfunga kila wiki. Abdulmalik alitamani kufumba macho.

Tatu alikwenda. Alishuka haraka, mwili wote umenyooka, ncha za vidole zikaugusa mpira. Ukagonga nguzo ya goli, ukatoka nje.

Abdulmalik alipiga ukelele ambao hakujua anao. Alimkumbatia Kocha Vitalis, akamkumbatia mtu asiyemjua, akarudi kumkumbatia Kocha Vitalis tena.

Dakika ya kumi ilipita, lango ni salama. Kipindi cha pili Kivukoni walipata goli zuri la kichwa, ambalo kipa yeyote angefungwa. Lakini Mwanga walikuwa na mawili tayari. Mechi ikaisha hivyo, mbili kwa moja. Leticia, kipa wa akiba, alikuwa wa kwanza kukimbia kumbeba Tatu mgongoni.

Jumatatu asubuhi Abdulmalik alichuchumaa kibandani, anakunja kiatu taratibu. Magoti yalimuuma kwa kuruka.

"Mzee Abdul, kipa wako kaamka?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Watu walisubiri jibu.

"Kaamka kabla ya kipyenga."

"Tumeona! Sasa tuambie na sisi, tuna watoto. Ulimpaka nini?"

Abdulmalik aliinua kichwa, akatabasamu.

"Jasho lake mwenyewe," alisema, akawasogezea viti wakae awaeleze.