Upande Unaokwaruza

Jua lilikuwa likizama nilipofika kwa Mama Cherehani kumtilia kioo kipya cha dirisha la jikoni. Miaka thelathini ya ufundi vioo imenifunza kuusoma mji kwa madirisha yake. Mtaa wa matajiri una vioo vipana vya watu wapendao kutazamwa. Karibu na soko ni nondo juu ya nondo. Mitaa ya zamani madirisha yamekaribiana hata jirani humpokeza mwenzake chumvi bila kushuka ngazi. Kichochoro hiki tu ndicho kilichonishinda. Kila dirisha, la juu na la chini, lilikuwa na kioo cha ukungu, kile kisichoruhusu jicho kupita.

Sikuwacheka. Mimi tangu nimzike mke wangu, hakuna ajuaye kama taa yangu inawaka au imezimwa.

"Umekuja kupima kioo, fundi, au kupima uzee wangu?"

"Kioo, mama. Uzee wako hauenei kwenye futi yangu."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akakipapasa kioo nilichokuja nacho, upande mmoja laini, mwingine unakwaruza.

"Upande unaokwaruza uwe ndani. Usinisahaulie hilo, mwanangu."

Nikaitikia. Lakini jiko lina moshi na mafuta, na upande ule ukishika uchafu hautoki tena. Fundi anayeijua kazi huuelekeza nje. Nikauelekeza nje, nikajiona nimemfanyia hisani.

Nilikuwa nalainisha puti, ule udongo wa kushikiza kioo kwenye fremu, kwa kidole gumba, ngurumo ikasikika mbali. Mama Cherehani akaja, akakipapasa kioo.

Kiganja chake kikateleza hadi chini.

"Fundi..." alinong'ona. "Umenifanya nini?"

"Ulaini ukiwa ndani ni rahisi kufuta, mama."

"Na ule unaokwaruza ukilowa?"

Jibu nililijua. Ukilowa, ukungu huondoka. Kioo huwa kama hakipo.

"Kuna anayepita na mvua," alisema. "Hutafuta macho. Atakayetazamana naye humfuata. Mume wangu alitazamana naye mara moja, kwenye dirisha hili hili. Alitoka bila kuniaga. Mwaka wa kumi na moja huu."

Nikashika kisu. Puti ilikuwa bado laini. Nikaing'oa juu, nikaing'oa kushoto, nikaing'oa kulia...

Tone la kwanza likagonga.

Lilipogonga pakawa na tundu angavu, dogo kama tundu la ufunguo. Likaja la pili. La tatu. Ikaingia harufu ya nguo zilizofungiwa sandukuni zikiwa mbichi. Mama Cherehani akajifunika gubigubi kwa kitambaa alichokuwa akishona, akajikunja chini ya meza.

"Fumba macho, mwanangu. Usimpe."

Kioo kilikuwa kimesimama kwa viganja vyangu tu. Nikikiachia, kingeanguka, na hapo yule apitaye na mvua asingekuwa na kizuizi. Mikono sikuweza kuiondoa. Macho ningeweza kuyafumba.

Nasema kweli. Ningeweza.

Ukungu ukateremka na maji, kioo kizima kikawa wazi.

Alikuwa amesimama mvuani, nguo zake kavu. Hakuwa na sura ya kutisha. Alinitazama kama mtu aliyenitafuta nyumba kwa nyumba, na sasa amechoka kwa furaha. Hakupepesa. Sijui tulikaa vile muda gani.

Mvua ikapungua. Ukungu ukaanza kurudi, kutoka pembeni.

"Amekuona?" ilisema sauti chini ya meza.

"Hapana, mama. Nilifumba."

Nikakigeuza kioo. Nikatia puti upya, nikainyoosha pembe zote nne. Sikumbuki kufanya kazi safi kuliko ile. Mama Cherehani akakipapasa, akasikia kinakwaruza, akashusha pumzi.

"Lala hapa leo, fundi. Godoro lipo, na chakula kinatosha wawili."

Ilikuwa miaka sijaambiwa maneno hayo.

"Ahsante, mama," nikamjibu. "Nina mtu ananingoja."

Nikafungua mlango. Mvua ilikuwa imeshafika mwisho wa kichochoro, nami niliharakisha, nikichelea isije ikaniacha.