Neno Lililotoka Dawati la Injini

Kwa jina la Mola aliyeumba mwezi na kuupimia vituo vyake, naanza. Yeye ndiye aliyeziumba nyoyo jozi jozi, na ndimi za baadhi ya waja akazijaalia uzito.

Niwapange watu wangu. Qiao Yinping, binti wa Beijing, ndiye mwangalizi wa injini ya chombo kilichotua mwezini kuchota udongo. Lu Zhenhai ni mpiga mbiu wa ukumbi wa uongozaji: sauti yake yasikika na wote, moyo wake hausikiki na yeyote. Na Bi Tang, mamake Yinping, ni mjane mwenye haraka ya wajukuu.

— Lu, nimekuuliza kama unanipenda, alisema Yinping mezani, akichovya jiaozi yake, sambusa ya kuchemshwa, ndani ya siki.

— Nimepokea, alijibu Zhenhai.

— Umepokea nini? Mimi kituo cha mawasiliano?

— Hali zote ni za kawaida, Yinping.

— Kwako wewe. Jioni hii mama ameniandalia chai na daktari wa meno, jirani yetu. Nikienda, namkubali. Nimechoka kungoja kinywa kifunguke, na yeye kazi yake ni kufungua vinywa.

Zhenhai akameza jiaozi nzima bila kuitafuna. Alipokuwa tayari kusema, kengele ya zamu ikalia.

Mlangoni mwa ukumbi simu zote hufungiwa visandukuni. Kabla ya kuiacha yake, Yinping alisoma ujumbe wa mama: "Vaa sweta nyekundu. Daktari ana gari, na ana meno yake yote."

Kule mwezini chombo kilisimama kwa miguu minne. Sehemu ya juu, iliyobeba udongo, ilikuwa iruke ikiifanya ya chini kuwa uwanja wake. Na ikiinama vibaya, hapana mkono wa kuinyoosha.

Hapa msomaji ajue jambo. Watu wa ukumbi ule namba moja hawaiiti kwa jina lake la kila siku, lisije likasikika kama saba; husema "yao". Na "yao", ikishushwa sauti kidogo, kwa Kichina ni "nataka". Sikio zima hutofautisha. Ila siku hiyo Yinping alikuwa na mafua.

Ukumbi ulipotulia kungoja saa ya kuruka, Zhenhai alibonyeza kitufe alichoamini kinafika dawati la injini peke yake. Kumbe ni cha masikio ya ukumbi mzima.

— Yinping, usimwendee daktari. Unataka nikuoe?

Yinping hakusikia hata herufi. Alikuwa amevua vifaa vya masikioni apenge kamasi, na Mzee Pang, jirani yake wa dawati, aliyevua vyake vilevile, alikuwa akimwuliza:

— Tangi lipi bado baridi? Waarifu wote.

Akavaa vifaa vyake, akabonyeza, akasema kwa pua iliyoziba:

— Yao.

Mkurugenzi akakohoa.

— Dawati la injini, jibu lako limesikika kotekote. Mpiga mbiu, endelea na kazi, ukiweza.

Yinping alidhani amekosea tangi. Akahakiki upya, jasho likimtoka, hadi amri ikatolewa. Moto ukawaka mwezini, picha ikatikisika, mwinamo ukajinyoosha, na chombo kikapaa mpaka kikashika njia yake. Watu wakapiga makofi, na wengi wao walimtazama yeye.

Nje ya ukumbi, Mzee Pang alimpa chungwa.

— Qiao mdogo, harusi lini? Wenzetu wamenisimulia.

— Harusi ya nani?

Mzee Pang akamweleza.

— Mimi nilitaja tangi la kwanza, alisema Yinping.

Mzee Pang akacheka hadi akaketi sakafuni, kisha akaenda kumwarifu Zhenhai. Naye Zhenhai akamfuata binti penye visanduku vya simu.

— Nimeambiwa lilikuwa tangi, alisema.

— Ndivyo.

— Watu wananipongeza. Ningeweza kunyamaza, kunyamaza ndiyo fani yangu. Lakini sitaki mke niliyepewa na mafua. Narudi ndani kuwatangazia kuwa nilisikia vibaya.

— Kwa kitufe kipi?

Masikio ya Zhenhai yakawa mekundu.

— Niambie mimi kwanza, alisema Yinping. Sasa nasikia.

— Nakupenda. Tangu siku ile ulipomgombeza mkuu wa idara kwa ajili ya vali moja, nikatamani nigombezwe mimi. Nikikuona, maneno yanatawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Chai ile usiinywe. Utaolewa nami?

Yinping alipiga chafya, akapangusa pua.

— Nitaolewa nawe. Nimetafuta jibu lisilofanana na nambari yoyote.

Simu ikaita kisandukuni.

— Uko wapi? aliuliza Bi Tang. Daktari amemaliza mbegu zote za alizeti.

— Mama, namleta mwingine.

— Yule bubu?

— Amesema leo, mbele ya ukumbi mzima.

— Nawe ukamjibu nini?

— Tangi la kwanza.



— Mafua yamekupanda kichwani, mwanangu. Mlete nimwone. Huyu daktari nitampeleka kwa binti wa ghorofa ya juu, mwenye jino bovu.

Udongo ulifika salama, na wawili wakaoana majira ya kuchipua. Kule mwezini sehemu ya chini ilibaki imesimama, mgongo umeungua kwa kumrusha mwenziwe. Na Beijing Bi Tang alibaki mlangoni akipunga mkono. Ewe Mola, wabariki waliobaki, waliojifanya ardhi ili wengine wapae. Uwaondolee upweke, na huyu wa Beijing umharakishie wajukuu. Amina.