Kibofu cha Meneja

Ng'ombe wa Jerop aliitwa Meneja, kwa sababu yeye ndiye alikuwa anaamua atakamuliwa saa ngapi. Pale Ainabkoi hawakuwa na ng'ombe mwingine. Maziwa yake ndiyo ilikuwa inalea watoto.

Asubuhi moja Jerop aliingia zizini akapata mkojo mwekundu sakafuni.

"Baba Cynthia, kuja uone. Meneja anakojoa damu."

Mume wake, Kipkirui, alisimama mlangoni na sigara yake. Aliangalia chini kidogo, halafu akaangalia kando.

"Ni kupe," akasema. "Ita daktari wa mifugo."

Daktari alidunga sindano. Maziwa ikamwagwa kwa sababu ya dawa, watoto wakakunywa strungi, chai bila maziwa. Lakini asubuhi nyingi sakafu ilikuwa nyekundu tena.

"Mgonjwa gani huyu anamaliza nyasi na kuitisha ingine?" Jerop aliuliza.

"Kwani wewe ni daktari? Tumchinje kabla afe bure."

Walingoja dawa iishe mwilini, wakampeleka kichinjio. Jerop alilia njia yote.

Hapo walipata mwanamke wa koti jeupe. Aliitwa Selpha, mtafiti kutoka maabara moja ya Eldoret.

"Mama, nimesikia huyu alikuwa anakojoa damu. Naomba kibofu chake."

"Cha nini? Kuna mtu anapika hiyo?"

"Hapana. Tunasoma kansa ya kibofu. Kwa maabara tuko na panya tumewapea hiyo kansa makusudi, ndio tuone vile inaanza na dawa gani inaisimamisha."

"Maskini panya."

"Hata mimi huwaambia pole. Lakini panya tumemlazimisha. Ng'ombe wa huku akikula lile gugu la majani kama unyoya, hapo kando ya msitu, kwa miaka, anaweza kuipata mwenyewe. Yeye anatufunza kitu panya hawezi."

Selpha alipasua kibofu mezani. Akakifungua, akakigeuza. Akaangalia figo pia.

"Mama, hii ni safi. Hakuna uvimbe, hakuna damu. Sidhani huyu ng'ombe alikuwa mgonjwa."

"Nimeona na macho yangu."

"Ulimwona akikojoa?"

Jerop alikuwa ameona sakafu tu. Na watu wazima wa kuingia zizini walikuwa wawili.

"Kipkirui," akasema. Hakumwita Baba Cynthia.

Kipkirui aliinamisha kichwa. "Haikuwa inauma. Nilikuwa nakojolea hapo ndio usione kwa choo. Nilidhani itaisha yenyewe."

"Ukaacha nichinje Meneja."

Selpha alivua glavu.

"Mzee, kutouma kusikudanganye. Ukiona damu kwa mkojo, hata mara moja, hata ikipotea, enda hospitali upimwe. Inaweza kuwa ugonjwa ingine. Inaweza kuwa kansa. Na hiyo sigara, sumu yake inaingia kwa damu, figo inaichuja, inakaa kwa kibofu."

"Wewe umejuaje kama unasoma panya?"

"Panya hawezi kunificha. Mkojo wake naona kila siku. Nyinyi wanaume ndio mnanishinda."

Wiki hiyo hiyo Jerop alimpeleka hospitali Eldoret. Waliingiza kamera ndogo kupitia njia ya mkojo, wakakata kipande wakapima. Ilikuwa kansa, na ilikuwa imeingia ndani ya ukuta wa kibofu.

"Ungekuja mapema, pengine tungekwangua uvimbe tu," daktari alisema.

Walitoa kibofu chote. Sasa Kipkirui anakojoa kwa mfuko uliobandikwa tumboni. Sigara aliacha. Anarudi kupimwa kila akiitwa. Jerop alikaa muda mrefu bila kuongea na yeye, lakini mfuko alimsaidia kubadilisha.

Siku hizi Kipkirui huenda pale wanaume wanangojea gari ya maziwa, hata kama yeye hana maziwa.

"Ati ulichinja ng'ombe mzima ndio usiende kwa daktari?" wanamcheka.

"Mzima kabisa. Halafu nikapata hii."

Anainua shati. Kicheko kinaisha.

Juzi gari ilipoondoka, Kiplimo wa boma ya juu alibaki. Alikuwa anazungusha kifuniko cha mtungi mtupu.

"Hiyo kitu yako," akasema, "ilikuwa inakuja na kupotea?"

"Ndio."

"Na haiumi?"

Kipkirui alimnyang'anya mtungi.

"Hii nitampelekea bibi yako baadaye. Twende Eldoret sasa."