Nyuki wa Bwana Gethin

Tabitha alitumwa kuwapasha nyuki habari za msiba, kama ilivyokuwa desturi, kabla giza halijaingia.

"Chukua ufunguo wa mlango mkubwa," alisema Mama Pryce, mpishi wa nyumba. "Ugonge kila mzinga, uwaambie bwana wao amefariki. Kisha funga kitambaa cheusi. Wakivuma, wamekukubali. Wasipovuma..."

Alifuta mikono kwenye aproni.

"Anayewaambia huwa mtu wa damu," alisema Bwana Ambrose kutoka mezani, mdomo umejaa keki ya matanga. "Huyu ni damu ya nani?"

"Basi nenda wewe, bwana."

"Mimi nyuki huniuma."

"Wana akili," alinong'ona Mama Pryce, akamsukuma binti nje.

Damu ya Tabitha ilijulikana kijiji kizima. Mama yake alinyongwa kwa kumtilia mumewe sumu ya panya kwenye uji. Bwana Lemuel Gethin alimtoa mtoto gerezani angali ananyonya, akamlea kwa maziwa, Biblia na kinanda, ili amthibitishie ndugu yake Ambrose kwamba mtu hufanywa na malezi. Ndugu hao walibishana juu yake miaka yote, mara nyingi yeye akiwa palepale anawapakulia supu.

Wiki hii Bwana Lemuel alishikwa na tumbo. Leo mchana akakata roho, kiganja chake kikiwa ndani ya kiganja cha Tabitha. Tabitha ndiye aliyekuwa akimnywesha dawa. Daktari alisema ni tumbo tu.

"Tumbo," alisema Ambrose. "Kama la yule mume. Kesho asubuhi namwita askari."

Tabitha alijua hakufanya lolote. Alikuwa amejikagua tangu mchana, kijiko kwa kijiko, kikombe kwa kikombe. Alikuwa na hakika.

Karibu hakika.

Mizinga ilikaa nyuma ya mitofaa, vikapu vya majani makavu vilivyopangwa kwenye ubao. Nyasi zililowesha viatu vyake. Hewa ilinuka nta, na matofaa yaliyoozea chini.

Aligonga mzinga wa kwanza.

"Bwana wenu amefariki," alisema. "Mimi ndiye niliyetumwa."

Kimya.

Akagonga wa pili. Akatega sikio kwenye majani. Ndani hakukusikika hata bawa moja... na bado alihisi kwamba wamo, wote, wanasikiliza.

Akatoa kitambaa ili aufunge hivyo hivyo. Vidole vyake vikagusa kitambaa kingine.

Kilikuwa kimeshafungwa.

Alipapasa mzinga uliofuata. Nao umefungwa. Na uliofuata. Vitambaa vyote vilikuwa vyeusi, vizito kwa umande. Umande wa alfajiri, si wa sasa. Ndani ya mafundo maji yalikuwa yamelala. Basi vilifungwa usiku wa jana. Na jana usiku Bwana Lemuel alikuwa ameketi kitandani, anakunywa mchuzi na kumtania Mama Pryce juu ya chumvi.

Aliinama karibu zaidi. Ukingo wa kitambaa ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa buluu.

Tabitha alikuwa ameshona joho lake jeusi, hili alilovaa, kwa uzi wa buluu, mweusi ulipokwisha. Akalishika pindo lake, akalipandisha taratibu hadi penye mwanga.

Lilikuwa limechanwa. Vipande vipande.

Ndipo ikamjia harufu. Chokaa mbichi, kama ya makaburi ya gereza... na kamba ya katani iliyolowa.

"Walishaambiwa," sauti ilinong'ona.

Mwanamke alisimama mwisho wa ubao. Gauni la kijivu, la gereza. Kichwa kimelalia bega, kama mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali. Nyuki waliingia na kutoka katika mikono ya gauni lake bila sauti yoyote.

"Na nani?" Tabitha aliuliza.

"Unaniuliza mimi?"

"Jana usiku nilikuwa nimelala."

"Ndiyo. Ulikuwa umelala."

"Mimi nimelelewa vizuri."

"Vizuri sana, mwanangu. Hata mafundo unafunga vizuri kuliko mimi." Kichwa kiliteleza kidogo juu ya bega. "Haya, waambie la pili. Wanangoja."

"Sina la pili."

"Waambie."

"Sina..."

"Ambrose Gethin amefariki."

Mizinga yote ikavuma.

Ilivuma kwa pamoja, mpaka ubao ukatetemeka na ufunguo ukatikisika mkononi mwake. Alipoinua macho, mwisho wa ubao hapakuwa na mtu.

Midomo yake mwenyewe ilikuwa bado wazi. Jina lile lilikuwa bado lina joto ulimini.

"Wamevuma?" Mama Pryce alimngojea mlangoni.

"Wamevuma."

"Mungu mkubwa. Basi wamekukubali, mwanangu." Alimshika shavu. "Una baridi kama samaki. Njoo umwandalie Bwana Ambrose chai, labda atafunga mdomo."

"Mwandalie wewe. Mimi leo sigusi kikombe cha mtu."

Mama Pryce alimtazama. Alichemsha maji mwenyewe, akamimina mwenyewe. Tabitha aliketi upande wa pili wa meza, mikono juu, mahali ambapo kila mtu angeiona.

"Leo mpole," alisema Ambrose. "Anamwogopa askari."

Alikunywa. Halikutokea lolote. Akanywa tena, akaomba sukari. Saa ya ukutani ilikuwa imesimamishwa kwa ajili ya marehemu, na jikoni kulikuwa kimya hivi kwamba alisikika akimeza.

Kisha kikombe kikasita hewani.

"Binti, acha hiyo mivumo. Maiti haijapoa."

Tabitha hakuwa akivuma. Alikuwa amefumba midomo, na sasa aliibana kwa viganja vyote viwili. Lakini naye aliisikia. Ilitoka chini kabisa, kifuani mwake mwenyewe, wengi kwa pamoja, kama ndani ya mzinga.

Mama Pryce alisimama nyuma ya kiti cha Tabitha. Alinyoosha mkono, akalisogeza birika mbali na Tabitha, taratibu, kama mtu asiyetaka aonekane.