Vitambaa Vyeupe vya Mwanvua

Harufu ya pilau ya Mwanvua ilijaa barabara nzima ya mtaa wa Buyenzi. Mafundi wa garaji za jirani waliinua pua. Walifika hadi mlangoni, wakachungulia, kisha wakageuka. Walienda kula mikate mikavu kando ya magari yao!

Mwanvua aliumia sana. Mgahawa wake ulikuwa na wiki tatu tu.

"Wananizarau," alimwambia jirani yake, Scholastique. "Jumamosi nafunga restora. Narudi kuuza maandazi."

Scholastique ni mtu wa Uvira. Kazi yake ni kuchora programu za simu ziwe rahisi kutumia.

"Uliwauliza?"

"Wanasema watarudi."

"Mutu anasema vile juu ya heshima tu, asikuumize. Macho yake ndiyo inasema kweli. Tukae, tuangalie."

Walikaa. Fundi Byamungu alikuja. Alitazama vitambaa vyeupe juu ya meza. Akatazama mikono yake, myeusi kwa grisi. Aliificha mgongoni, akaondoka.

"Umeona?" Scholastique aliuliza. "Hazarau chakula yako. Anaogopa kuchafua. Maji ya kunawa iko wapi?"

"Kule nyuma, karibu na jikoni."

"Basi lazima apite kwanza katikati ya weupe hii yote! Usimulaumu mutu, dada. Badilisha kitu. Chenye anahitaji kwanza, akikute kwanza."

Mwanvua alicheka mpaka akashika mbavu. Vitambaa vile alikuwa akivifua kila siku kwa ajili ya kuwavutia!

Kesho yake aliweka ndoo yenye bomba mlangoni, na sabuni ndogo ya kunukia. Mafundi walinawa na kunawa. Grisi haikutoka.

"Mama Mwanvua, hii ni sabuni ya bibi arusi!" Byamungu alitania. "Siye tunanawa na ya unga."

Mwanvua alinuna. Scholastique akamtuliza. "Mi pia sipatii mara ya kwanza. Rekebisha, halafu angalia tena."

Jumamosi ikafika. Mlangoni kulikuwa na kopo la sabuni ya unga. Meza zilikuwa wazi, bila vitambaa. Mafundi walinawa, wakaingia wakipiga kelele, na saa saba sufuria ilikuwa tupu.

Byamungu alikuwa bado anatafuta pa kujifutia. Mwanvua alimpa kitambaa kimoja cheupe. Fundi akasita.

"Futa tu, kaka! Leo nataka kichafuke."

Kitambaa hicho kinaning'inia mlangoni mpaka leo. Hakijawa cheupe tena, na mgahawa haukufungwa.