Sado ya Mwalimu Gloria

Kila asubuhi, kabla ukungu haujaondoka kwenye mashamba ya viazi, Tupokigwe huwa amekwisha kumkatia ng'ombe majani, amechota maji na amewasha moto jikoni. Ana miaka kumi na miwili na yuko darasa la sita. Anaishi na mama yake, Evarista, katika kijiji kilicho milimani juu ya Uyole, nje kidogo ya jiji la Mbeya. Kazi zikiisha, mama na mtoto husali pamoja, hunywa uji, ndipo kila mmoja hushika njia yake.

Mambo haya yalitokea wakati wa likizo ya Juni, baridi ikiuma kwelikweli. Jumapili iliyokuwa inakuja ilikuwa sikukuu ya watoto kanisani kwao. Watoto wa vitongoji vitatu wangeimba, kisha wangekula wali pamoja. Wengi wao nyumbani walikula viazi na ugali tu, na wali walikuwa wakiungoja tangu Pasaka. Wazee wa kanisa walimpa Evarista kazi ya kwenda mjini kununua sado kumi za mchele. Sado ni lile kopo la rangi ambalo wauza nafaka hulitumia kupimia.

"Tutanunua kwa nani?" aliuliza Mzee Jailos, mzee wa kanisa aliyesimamia sikukuu hiyo. "Mjini kuna wajanja wengi."

Tupokigwe alikuwa amekaa karibu na mama yake. Alisimama bila kuulizwa.

"Kwa Mwalimu Gloria! Anauza mchele sokoni. Yeye hawezi kutupunja."

Wazee walicheka, lakini walikubali. Nani asiyemjua Gloria? Kwa miaka mitatu alikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili. Ndiye aliyemfundisha Tupokigwe kusali kwa sauti mbele ya watu. Tupokigwe alipougua homa kali, Gloria alikaa naye siku mbili akimlisha uji kwa kijiko. Mwaka juzi alihamia mjini kutafuta maisha.

Jumatano mama na mtoto walikwenda mjini. Soko lilikuwa limejaa mpaka barabarani. Ndizi za Tukuyu zilipangwa juu ya majani, viatu vya mitumba juu ya turubai, na vijana walipiga kelele kila upande.

"Mama, karibu mchele! Ukipika huu, jirani anabisha hodi!"

"Dada, usipite kama hunijui!"

Tupokigwe alicheka, lakini macho yake yalimtafuta mtu mmoja tu. Alimwona mbele ya duka la rangi la Bwana Umakant, amezungukwa na magunia.

"Mwalimu Gloria! Shikamoo!"

"Marahaba! Jamani, Tupo wangu!" Gloria alimkumbatia. "Umekuwa mrefu hivi? Dada Evarista, huyu mtoto unampa nini? Mbolea?"

Walicheka wote watatu. Evarista alieleza shida yao, na Gloria akashika sado.

"Sikukuu ya watoto wangu! Shika mdomo wa mfuko, Tupo."

Alichota mchele akiwa amelizamisha kopo ndani ya gunia. Kila alipomimina, aliongeza kwa kiganja. "Hii nyongeza ya Tupo! Hii ya kwaya! Hii ya Mzee Jailos, asije akanuna!"

Kwa watu wa kijiji kile, nyongeza ni jambo kubwa. Mnunuzi halitazami kopo, hutazama mkono wa muuzaji. Mkono ukiongeza mara moja, huyo ni mtu mwema. Mkono wa Gloria uliongeza mara kumi. Evarista alisema "ndaga" mara kumi, akishukuru kwa Kinyakyusa chao, na moyo wake ukatulia.

Walipofika kanisani mchana, Mzee Jailos na wanawake wa jikoni walikuwa wanawangoja. Walichukua sado ya jikoni na kupima. Moja. Mbili. Tatu. Kila mtu alihesabu kwa sauti. Walipofika nane, mfuko ulikuwa umelegea. Mchele uliobaki ulijaza nusu ya kopo tu.

"Nane na nusu," alisema mwanamke mmoja.

Walipima tena. Nane na nusu.

Mzee Jailos aliutazama mfuko, akatafuta tundu, hakuliona. Kisha alimtazama Evarista. "Njiani mlipitia wapi?"

"Hatukupitia popote, mzee."

"Hamkuwaachia ndugu zenu kidogo?"

Wanawake walitazama chini. Tupokigwe alimsogelea mama yake. Tangu azaliwe hakuwahi kusikia mtu akimwita mama yake mwizi, na sasa alikuwa anaitwa hivyo bila neno lenyewe kutajwa.

Nyumbani Tupokigwe alikaa karibu na moto. Alikuwa anakumbuka. Kwa nini Mwalimu Gloria hakuliweka kopo chini hata mara moja? Kwa nini alichota akiwa amelizamisha? Wazo lililomjia lilimchoma, akalifukuza. Likarudi.

"Mama," alisema mwishowe, "nadhani ni kopo la Mwalimu Gloria."

"Unajua unachokisema, mwanangu?"

"Najua. Ningependa isiwe hivyo."

Evarista alisukuma kuni motoni. "Basi tusali kwanza. Tukienda na hasira, tutagombana tu. Tukienda na ukweli, utajisemea wenyewe."

Kesho yake walimwomba Mzee Jailos sado ya kanisa. Aliwapa bila kuwatazama usoni. Evarista aliifunga ndani ya kitenge, wakaenda.

"Mmerudi!" Gloria alishangilia. "Mchele umewanogea?"

"Tunaomba utupimie sado moja," alisema Evarista. "Pima kwa kopo lako, umimine kwenye hili letu."

Tabasamu la Gloria lilipungua. Alichota, akaongeza nyongeza kwa kiganja, akamimina. Mchele haukufika kwenye ukingo wa kopo la kanisa. Pengo lilikuwa la vidole vitatu.

"Ah, sado za vijijini!" alisema haraka. "Hizo ni kubwa. Za mjini ndizo hizi."

Bwana Umakant alikuwa amesimama mlangoni mwa duka lake akisikiliza. Aliingia ndani, akatoka na kopo jipya tupu, akaliweka katikati yao.

"Dada Gloria, mimi nauza rangi miaka thelathini," alisema kwa upole. "Kopo ni moja, mjini na kijijini. Pimeni na hili."

Evarista aliumimina mchele wote kwenye kopo hilo jipya. Pengo lilikuwa lilelile.

Tupokigwe aliinama, akaingiza mkono ndani ya kopo la Gloria. Chini hakukuwa sawa. Kitako kilikuwa kimepashwa moto na kusukumwa juu, kimevimba kama kichuguu.

"Kuna kilima," alisema. "Mwalimu, ndani kuna kilima."

Muuza maharage wa jirani alicheka. "Mtoto, utafukuza soko zima wewe! Hapa nani hana kilima?"

Gloria hakucheka. "Tupo, hujui maisha ya mjini," alisema polepole. "Nililinunua hivi hivi. Kila mtu anapima hivi. Nikipima kamili peke yangu, nitakula nini?"

"Jana ulijua mchele ni wa nani?"

Gloria alianza kuukunja mdomo wa gunia.

"Ulisema, watoto wangu. Ukaniambia nishike mdomo wa mfuko." Machozi yalimtoka Tupokigwe, na hakuyafuta. "Mimi ndiye niliyesimama mbele ya wazee. Nilisema huwezi kutupunja. Sasa wanasema mama yangu ameiba."

Gloria aliketi juu ya gunia. Baadaye alilichukua kopo la kanisa, akalijaza mpaka juu, akamimina kwenye mfuko wa Evarista, akapima na nusu nyingine. Safari hii aliliweka kopo chini, mbele ya macho yao. Kisha alichukua kisu, akakipasua kitako cha kopo lake.

"Mwambieni Mzee Jailos ni mimi," alisema. "Nitapiga simu nimwambie mwenyewe. Tupo, nisamehe."

Alinyoosha mkono. Tupokigwe aliutazama mkono ule uliowahi kumlisha uji, lakini hakuweza kuushika. Akauinua mfuko.

Walipofika kanisani, Mzee Jailos alikuwa amekwisha kupokea simu. Aliwaita wanawake wote wa jikoni.

"Jana nilimdhania Evarista vibaya mbele yenu," alisema, "kwa hiyo naomba radhi mbele yenu. Nilikuwa mwepesi wa kumshuku aliye karibu, wala sikuuliza juu ya aliye mbali. Dada, nisamehe. Wewe pia, mjukuu wangu."

"Yamekwisha," alijibu Evarista. Wakapima. Sado zikatimia kumi.

Walipokuwa wanapanda kwenda nyumbani, Tupokigwe alisema, "Mama, sitamwamini mtu tena."

Evarista alisimama. "Hapana. Kumwamini mtu si kosa lako. Kosa letu ni kwamba tuliutazama mkono, tukaacha kulitazama kopo. Anayekupenda kweli hachukii ukimwomba apime mbele yako. Halafu sikiliza, mwanangu. Kuna siku wewe utakuwa muuzaji, au mwalimu, au karani, na mtu atakuamini mpaka asiangalie. Umeonja uchungu wake. Usimwonjeshe mwingine."

Walitembea kidogo.

"Utamwombea Mwalimu Gloria?" aliuliza mama.

"Leo bado, mama. Siwezi."

"Basi leo nitamwombea mimi," alisema Evarista, akimpokea mfuko mtupu. "Ukiwa tayari, tutasaidiana."