Maji ya Makaburini

"Mbayuwayu, zabibu zimeiva."

Odile Perrachon alikuwa amesimama juu ya pedali, mlima ukimkamua pumzi, sauti hiyo ilipoingia sikioni mwake kupitia kipokea sauti. Hakugeuza kichwa.

"Zimeiva lini?"

"Leo. Mchumaji ni mmoja. Yuko kwenye baiskeli, njia hiyo hiyo yako."

"Sura?"

"Hatuna. Jina pia hatuna. Wenzako wako mbali, barabara kuu imejaa watu wa likizo. Kwa sasa uko peke yako."

"Nimekusikia, Pipa."

Mawasiliano yakakatika.

Kwa asiyemjua, Odile alikuwa mwanamke wa makamo mwenye jezi ya klabu, akipanda vilima vya Beaujolais kwa baiskeli yake nyeusi ya Look kama wafanyavyo nusu ya watu wa huku kwetu kila Agosti. Lakini katika mfuko wa mgongoni, ambamo wenzake hutia ndizi, yeye alitia bastola ya SIG Sauer. Alikuwa mpelelezi wa serikali, na kazi yake kiangazi hiki ilikuwa moja tu. Solène Kerdraon asife.

Solène alikuwa rubani. Kwa miaka miwili aliwarushia ndege watu waliomwambia kwamba anabeba vipuri vya matrekta. Siku moja alifungua kreti, akakuta makombora, akatoroka. Jumatatu ijayo angesimama mahakamani Lyon na kuwataja waliomtuma, mmoja mmoja. Mpaka siku hiyo alikuwa amefichwa kijijini Chessenay kwa Bibi Fernande Buisson, mjane mwenye mizabibu michache na ulimi mkali, akilala ghalani kati ya mapipa ya divai.

Na sasa mtu alikuwa anapanda kwenda kumuua.

Barabara ya Chessenay ni moja, ya kuingia na ya kutoka. Waendesha baiskeli huipanda kwa sababu ya ukali wake, hugusa ukuta wa kanisa, wakageuka. Kwenye kona ya chini Odile alipita Citroën ya kijivu iliyoegeshwa chini ya mti wa mjozi. Ndani walikaa wanaume wawili, vioo vimefungwa, injini inanguruma. Huku kwetu anayeegesha gari kivulini saa ya chakula cha mchana hufungua milango yote na kukata soseji. Wale hawakuwa na soseji.

Hakuwapenda.

Mbele yake barabarani walikuwapo waendesha baiskeli wawili.

Wa kwanza Odile alimfikia kwenye kona ya tatu. Alikuwa na jezi ya buluu na miwani mikubwa, mrefu, mwembamba, miguu imenyolewa safi kama ya mshindani.

"Mlima unasemaje, kaka?" Odile alimuuliza.

"Unaniua, dada!" Mtu yule alicheka. "Na si kwamba siujui. Mimi mtoto wa Villefranche. Miaka thelathini napanda hapa, kila mwaka naapa sirudi tena."

Lafudhi yake ilikuwa ya Villefranche kweli. Mapaja yake yalikuwa ya mtu wa baiskeli kweli. Alichomoa chupa moja kwenye fremu, akaipindua. Halikutoka tone.

"Nimekauka kabisa. Chemchemi ya kanisani inatoa maji?"

"Wameifunga. Ukame."

"Basi nitabisha kwa mtu. Watu wa milimani hawamnyimi mtu maji."

Odile alimpenda kwa kicheko chake, na hilo peke yake lilimtia wasiwasi. Lakini wa pili alimtia wasiwasi zaidi.

Wa pili alikuwa mzee mwenye jezi ya sufu, joto lote lile. Mkoba mrefu wa ngozi ulikuwa umefungwa kwenye fremu ya baiskeli yake, urefu wa kutosha bunduki iliyokunjwa. Aligeuka nyuma kumtazama Odile. Akageuka tena. Halafu, kabla ya kufika kijijini, akaiacha barabara na kuingia makaburini.

Odile alisimama tena juu ya pedali.

Makaburi ya Chessenay yako juu ya kijiji, pale barabara inapomaliza kupanda kabla ya kushukia nyumba. Ukisimama penye ukuta wake unaona ua wa Fernande wote, ua ambamo Solène hutoka mchana dakika chache tu kunyoosha miguu. Kwa mlenga shabaha, hapo ni kama kutengewa chakula mezani.

Odile aliongeza gia. Akamwacha mtu wa jezi ya buluu, akaitupa baiskeli langoni, akaingia kwa kunyata na bastola mkononi. Baiskeli ya mzee ilikuwa imeegemea msalaba. Mkoba ulikuwa wazi. Mzee mwenyewe alikuwa amepiga magoti nyuma ya kaburi la marumaru.

"Mikono juu!"

Mzee akainua kichwa. Maji yalikuwa yakimchuruzika kwenye masharubu. Juu yake bomba la shaba lilikuwa linamwaga, na ndani ya mkoba mlikuwa na mkate mrefu na jibini.

"Mama, kama ni jibini unataka," mzee alisema, mikono hewani, "ungeomba tu. Sina uchoyo."

"Unafanya nini hapa?"

"Nafanya nini? Nakunywa maji! Baiskeli umeanza jana, wewe? Wafu wana maua, maua yanataka maji, na sisi tunaiba kidogo. Nchi nzima iko hivyo. Hata mtoto aliyeletewa baiskeli Krismasi anajua kwamba maji yakimwishia anakwenda makaburini."

Odile alijua. Alijua tangu ana miaka kumi. Ni hofu tu iliyomsahaulisha.

Aligeuka kutazama lango. Mtu wa jezi ya buluu alikuwa anapita taratibu, bomba linasikika mpaka barabarani. Hakugeuza hata shingo. Miaka thelathini kwenye mlima huu, koo limekauka, na anapita lango la makaburi kana kwamba ni ukuta wa benki.

Yule hakuja kutafuta maji.

Odile alikimbilia baiskeli yake. Cheni ilikuwa imetoka alipoitupa. Aliirudisha upesi, akijilaani kwa sauti, kisha akateremka bila kushika breki, simu mkononi.

"Bibi, usifungue mlango!"

Ikaja sauti ya Fernande, kubwa, ya mtu anayejifanya kiziwi anayeongea na msusi wake.

"Aa, Monique! Nywele tutatengeneza kesho, mwanangu. Nina mgeni jikoni, kijana wa watu ana kiu. Ana chupa mbili, lakini anataka nimjazie moja tu."

Ajuza huyo, Mungu amweke. Alikwisha kumtilia shaka mgeni wake.

"Solène?"

"Ile rangi? Iko ghalani, nimeifungia."

"Mcheleweshe. Mwaga maji sakafuni, mengi."

"Maji? Haya, mwanangu, wewe ndiye unayejua."

Odile alifika mlango wa nyuma na kufanya jambo la ajabu. Alivua viatu. Viatu vya baiskeli vina kipande cha plastiki ngumu chini ya unyayo, na kwenye vigae vilivyolowa havina tofauti na sabuni.

Ndani, mtu yule alikuwa amefungua chupa ya pili. Haikuwa na maji. Ilikuwa na bastola ndogo ya Beretta iliyoviringishwa soksi isigonge, na sasa mdomo wake ulimtazama Fernande kifuani.

"Yuko wapi yule mwanamke?"

"Mwanamke gani? Mwanamke wa nyumba hii ni mimi. Na wewe umeniangushia beseni langu, ona maji yalivyotapakaa!"

"Bibi, sitauliza tena."

"Niulize mimi," alisema Odile.

Mtu yule akageuka kwa kasi. Mguu wake wa kushoto ukaenda Lyon, wa kulia ukaenda Paris. Risasi ikatoboa dari. Kabla mgongo wake haujagusa vigae, Odile na soksi zake alikwisha kuwa juu yake. Kiwiko kwenye koo. Goti kwenye mkono.

Beretta ikateleza mpaka miguuni pa Fernande. Ajuza akaiokota.

"Bado una kiu, kijana?"

Walimfunga kwa mipira ya akiba ya tairi aliyoibeba mwenyewe. Ndipo simu yake ikatetemeka.

*Tayari?*

Odile akaikumbuka Citroën. Wale wawili wasipojibiwa wangepanda, na wenzake walikuwa bado wamekwama. Akaukamata mkono wa mateka, akafungua simu kwa kidole chake, akaandika: *Tayari. Nashuka.*

Lakini nani ashuke?

"Mimi," alisema Solène. Fernande alikwisha kumfungulia, naye alikuwa amesimama mlangoni pa ghala, mrefu, mwembamba, mweupe kwa kukosa jua. "Nipe hiyo jezi."

"Wakikutambua, sitawahi kukufikia."

"Nikibaki watanifuata humu. Wiki ngapi nimelala na mapipa, Odile? Kama ni kufa, nife na upepo usoni."

Odile aliogopa. Alimpenda mwanamke huyu na aliogopa, na hakuwa na njia nyingine.

"Baiskeli unaijua?"

"Mimi mtu wa Bretagne, kwetu tunazaliwa juu ya baiskeli. Usinitukane."

Jezi ya buluu. Helmeti. Miwani mikubwa. Viatu vilimpwaya, akavikaza, akapanda baiskeli ya mateka. Odile alimwachia Fernande mateka na Beretta, akamwacha Solène atangulie kona moja, akamfuata, akiongea na Pipa kwa kifupi.

"Ziba daraja la mtoni, chini ya mlima."

"Wenzako wanafika darajani sasa hivi."

"Wakichelewa nitawaua mwenyewe."

Chini ya mjozi kioo cha Citroën kiliteremka. Mkono ukatoka, ukauliza. Solène hakupunguza mwendo. Aliinua kidole gumba, akainama kwenye usukani, akapita. Kutoka kona ya juu Odile akasikia gia ya kwanza ikiingia.

Gari lilimfuata Solène polepole, kama walinzi wake, mpaka darajani. Hapo magari mawili ya polisi yalikuwa yamekaa kombo. Dereva akajaribu kurudi nyuma. Kwenye kioo cha nyuma akamwona mwanamke wa makamo kwenye Look nyeusi, mguu mmoja chini, SIG Sauer mikononi.

"Zima. Mikono kwenye dashibodi."

Akazima.

Solène alishuka kwenye baiskeli. Akatembea mpaka dirishani mwa Citroën. Akavua helmeti. Akavua miwani. Mwanaume wa pembeni ya dereva alimtazama usoni, akatazama jezi, akatazama tena usoni, na rangi ikamtoka.

"Jumatatu, saa tatu asubuhi," Solène alisema. "Vaeni vizuri."

Odile alirudisha bastola mgongoni, akauliza kama kuna mwenye maji, akanywa. Kisha, Solène akiwa tayari ndani ya gari la polisi, akapanda baiskeli na kushika njia ya mtoni, akimkagua kila mwendesha baiskeli aliyekutana naye, mikono kwanza, halafu chupa.